Gati za vituo vya anga: hupangiwa miaka mingapi, na hubadilishwaje? Maswali tunayoulizwa Moshi

Jioni tunapokusanyika kutazama nyota hapa Moshi, swali la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, ile taa inayopita ni ndege?" Si ndege. Taa za ndege huwaka na kuzima. Ile haipepesi, inavuka anga kwa dakika chache, kisha inafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta, kwa sababu imeingia kwenye kivuli cha dunia. Ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, nyumba yenye uzito wa tani zaidi ya 400, inayotuzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Kikipita juu ya vichwa vyetu, huwa kimetukaribia kuliko Dar es Salaam kwa njia ya basi.

Watu wakishajua kwamba mle ndani wanaishi binadamu, wanauliza wanaingilia wapi. Nikieleza habari za gati, maswali hayaishi tena. Nimeyaandika hapa yale yanayorudi kila mara.

Gati ya kituo cha anga ni nini hasa?

Ni mlango na kufuli kwa pamoja. Katika mfumo wa Kirusi, chombo kinachokuja hutanguliza mtaimbo mwembamba, nao kituo kinaupokea kwa kitu chenye umbo la faneli. Kinasogea polepole kuliko mtu anavyotembea. Ncha ya mtaimbo ikiingia hadi mwisho wa faneli inanasa. Hapo chombo kimeshikwa, bado hakijafungwa. Mtaimbo huvutwa taratibu mpaka bamba mbili za duara zikutane uso kwa uso, ndipo kulabu zinapokaza pande zote. Kati ya bamba hizo kuna mipira, zile ambazo mafundi wetu wa gereji huziita oringi, nayo kazi yake ni kuzuia hewa isitoke. Mlango haufunguliwi mara moja. Kwanza hupimwa kama hewa inavuja, na kazi hiyo huchukua muda. Baada ya hapo watu hupita kwenye tundu la sentimita 80 hivi.

Moduli ya gati ni chumba kizima kilichojengwa kwa ajili ya kazi hiyo, ili vyombo vipate pa kufunga. Warusi waliiita moja Pirs, na nyingine Prichal. Yote mawili kwao ni maneno ya bandarini. Kwa hiyo ninaposema "chombo kimefunga gati" kama watu wa Tanga wanavyosema juu ya meli, silazimishi mfano. Wenyewe wameziita hivyo hivyo.

"Miaka iliyopangiwa" maana yake ni nini? Ikiisha, moduli inakufa?

Haifi. Miaka hiyo ni ahadi ya mhandisi: kwamba kwa muda huu, kwa matumizi haya, nimepima, nimehesabu, nasimama nayo. Baada ya hapo moduli inaweza kuendelea kufanya kazi vizuri kabisa, ila mtu anatakiwa aketi upya, apime upya, na aweke sahihi upya. Kuongeza muda bila kupima ni kubahatisha, na huko juu hawabahatishi kirahisi.

Anachokihesabu si kalenda peke yake. Anahesabu ni mara ngapi kulabu zitakaza na kuachia. Anahesabu mitikisiko ya kila chombo kinachofunga, na misukumo ya kila mara Kituo kinapopandishwa kimo. Anahesabu pia joto na baridi. Kituo huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo upande uleule huchomwa na jua na kuganda gizani karibu mara 16 kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya mara 5,500. Chuma hutanuka na kusinyaa mara zote hizo.

Ila mimi nikitaka mwanafunzi aelewe kuchakaa, namshikisha mpira. Ninao mmoja ambao mama mmoja wa hapa mtaani alinipa baada ya presha kuka yake kuanza kupuliza mvuke pembeni. Ukiutazama haujakatika popote. Ukiukunja, unakunjika. Lakini ukiulaza mezani na mpya wake, unaona tofauti: ule mpya una mgongo wa mviringo, wa zamani umelala bapa pale ulipokuwa ukibanwa, na ukiubonyeza kwa kucha haurudi. Umesahau umbo lake. Mpira uliobanwa miaka mingi, ukapashwa moto na kupozwa, hufika mahali usijaze tena nafasi. Gati ya angani ina mipira ya namna hiyo, iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa zaidi, lakini nayo hubanwa, hupashwa na hupozwa. Tofauti ni kwamba nje ya mpira ule hakuna jiko, kuna utupu.

Kwa nini Pirs ilipangiwa miaka 5 ikakaa karibu 20?

Kwa sababu mrithi wake alichelewa. Hapo ndipo ninapopataka watu wapaelewe kuliko mahali pengine pote.

Pirs ilirushwa kutoka Baikonur, kituo cha kurushia roketi huko Kazakhstan, tarehe 14 Septemba 2001. Ilikuwa chumba kidogo cha urefu wa karibu mita 5, chini ya moduli ya Zvezda, ambayo ni chumba kikuu cha upande wa Kirusi, na ilifanya kazi mbili: gati ya vyombo vya Soyuz vinavyobeba watu na Progress vinavyobeba mizigo, na mlango wa wanaanga wa Kirusi kutokea nje wakiwa wamevaa suti zao. Haikukusudiwa kukaa hapo moja kwa moja. Mahali pake paliwekewa moduli kubwa ya maabara iitwayo Nauka, iliyotarajiwa kuruka mwaka 2007.

Nauka haikuruka 2007. Iliahirishwa mwaka baada ya mwaka. Kulikuwa na uchafu kwenye mabomba na matangi ya mafuta, kukawa na marekebisho juu ya marekebisho, hata baadhi ya sehemu zake zikaanza kuzeeka zikiwa bado chini ardhini. Iliruka tarehe 21 Julai 2021. Miaka yote hiyo Pirs iliendelea kupokea wageni kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuipokea zamu.

Watu husema "basi ilijengwa imara, miaka 5 ilikuwa woga wa wahandisi." Ilijengwa imara, nakubali. Lakini nakataa sehemu ya pili. Pirs ilidumu kwa sababu ilikaguliwa, ilitunzwa, na kila nyongeza ya muda ilitafutiwa hoja. Sifa ni ya waliokagua. Anayeona dari la darasa limesimama miaka 20 akadhani fundi aliyesema 5 alidanganya, atakuja kujuta siku moja.

Kwa hiyo gati kuukuu ndiyo ya hatari, mpya ndiyo salama?

Si lazima. Poisk, ambayo kwa umbo ni pacha wa Pirs, ilifika kwenye Kituo Novemba 2009. Septemba 2010, ikiwa haijatimiza hata mwaka, ndiyo iliyogoma. Wanaanga watatu walikuwa wameketi ndani ya Soyuz TMA-18 tayari kurudi nyumbani, na kulabu za upande wa Kituo zikakataa kuwaachia. Walirudi ndani. Wenzao waliobaki walifungua na kuchunguza, wakakuta kigiya kidogo kimevunjika meno, wakaunga waya za kuipita sehemu iliyokuwa ikitoa ishara isiyo sahihi. Siku iliyofuata chombo kiliachia, wakatua salama Kazakhstan. Pirs kuukuu wakati huohuo iliendelea na kazi yake.

Siku ya kuiondoa Pirs ilikuwaje?

Ilianza wiki kadhaa kabla. Tarehe 2 Juni 2021 Oleg Novitsky na Pyotr Dubrov walitoka nje kutenganisha nyaya na kuondoa vitu vilivyoishikilia. Huwezi kung'oa chumba ambacho umeme na mawasiliano yamepita ndani yake kwa miaka 20 kama unavyong'oa turubai.

Hawakuiondoa Pirs mapema pia. Kwanza Nauka iliruka, ikapata hitilafu njiani, na watu wa chini wakasita: je, tukiivunja Pirs halafu Nauka isifike? Uamuzi ulisogezwa siku chache. Ilipoonekana kwamba Nauka imetulia, tarehe 26 Julai, karibu saa 8 mchana kwa saa zetu, chombo cha mizigo cha Progress MS-16 kilichokuwa kimefunga kwenye Pirs kiliondoka nayo. Hakikuiachia, kiliibeba. Jioni ileile vyote viwili viliungulia juu ya bahari ya Pasifiki.

Nakumbuka nikiwaeleza vijana, na mmoja akauliza kwa sauti ya mtu aliyeonewa kwa nini wasiirudishe duniani iwekwe kwenye makumbusho. Swali zuri. Chombo pekee kilichokuwa na tumbo la kubeba mzigo wa namna hiyo kurudi chini kilikuwa shuttle ya Marekani, na shuttle zilistaafishwa mwaka 2011.

Baada ya Pirs kuondoka, mahali ilipokuwa palichunguzwa kwa kamera zilizo kwenye mkono wa roboti wa Kituo, uso wa gati ukatazamwa kama umebaki na takataka. Nauka ikafunga tarehe 29 Julai.

Ni kweli Nauka iliupindua Kituo?

Ni kweli. Saa chache baada ya kufunga, injini zake zilianza kuwaka zenyewe kama vile bado iko safarini. Kituo kiligeuka taratibu mzunguko mmoja na nusu, nyuzi 540, huku injini za Zvezda na za Progress zikivutana nayo. Ilichukua kama dakika 45 hadi kutulia. Waliokuwa ndani hawakudhurika. Lakini fikiria mzigo ulioupata ule muungano mpya, masaa machache tu baada ya kulabu zake kukaza. Kubadilisha gati si kupachika tu kitu kipya. Kitu kipya nacho kinakuja na akili yake.

Mbona wanaogopa takataka ndogo kiasi hicho?

Kwa sababu imeshatokea mara mbili ninazozijua vizuri.

Mwaka 1987, moduli ya Kvant ilifika kwenye Mir, kituo cha anga cha Kisovieti. Ilinasa lakini haikukaza. Tarehe 11 Aprili Yuri Romanenko na Aleksandr Laveikin walitoka nje kutazama. Kati ya bamba mbili za duara, pale ambapo hapatakiwi kuwa na kitu, palikuwa na mfuko wa taka. Ulikuwa umenaswa pale wakati chombo cha mizigo kilichotangulia kikiondoka. Moduli ya tani nyingi ilizuiwa na mfuko. Waliuvuta kwa mikono yenye glavu nene mpaka ukatoka, na kulabu zikakaza.

Mwaka 2001 ilikuwa zamu ya Kituo cha Kimataifa. Progress iliyokuja mwezi Novemba ilishindwa kukaza kwa sababu chombo kilichoondoka kabla yake kiliacha nyuma oringi. Mpira ule ule ninaoueleza darasani. Vladimir Dezhurov na Mikhail Tyurin walitoka tarehe 3 Desemba wakaukata na kuuondoa.

Wamarekani nao wamebadilisha gati zao?

Wao walifanya kitu tofauti, na mimi naona ni busara: hawakung'oa, walivisha. Gati zao za awali zilikuwa za kupokea shuttle, kwa mtindo wenye asili ya Kisovieti ambao pande zote mbili zinafanana, hakuna wa kuingia na wa kuingiliwa. Shuttle zilipostaafu, vyombo vipya vilikuwa vinajengwa kwa kipimo kipya cha kimataifa kilichotolewa mwaka 2010. Badala ya kuvunja gati za zamani walitengeneza adapta ya kufunga juu yake, kama unavyoweka soketi ya kubadilishia plagi.

Adapta ya kwanza haikufika. Tarehe 28 Juni 2015 roketi iliyoibeba ilisambaratika dakika mbili na ushee baada ya kuruka. Ya pili ilifika Julai 2016, na Agosti 19 Jeff Williams na Kate Rubins wakaifunga. Iliyopotea ilifidiwa kwa kuunda ya tatu, kwa kiasi kikubwa kutokana na vipuri vilivyokuwepo, nayo ikafungwa Agosti 2019. Vipuri hivyo ndivyo vilivyookoa mpango. Kama wasingekuwa navyo, chombo kimoja kingelazimika kuondoka kila mara kabla kingine hakijafika.

Ili adapta ya tatu ipate mahali pazuri, gati moja ilihamishwa nzima kwa mkono wa roboti mwezi Machi 2017 kutoka moduli ya Tranquility kwenda Harmony. Siku chache baadaye, wanaanga wakifunika mahali palipobaki wazi, ngao moja ya kitambaa iliwaponyoka ikaelea zake. Peggy Whitson na Shane Kimbrough wakachukua kifuniko walichokivua kwenye ile gati iliyohamishwa, wakakifunga pale kama kiraka. Kiraka kikakubali.

Nimesikia habari za ufa na majani ya chai. Ni hadithi?

Si hadithi. Nyuma ya moduli ya Zvezda kuna ujia mfupi unaoelekea kwenye gati ya nyuma. Mwaka 2019 hewa ilianza kuvuja polepole, na chanzo kilipatikana kwenye ujia huo. Mwezi Oktoba 2020, ili kujua hasa ni wapi, Anatoly Ivanishin aliachia majani ya chai yaelee humo ndani, mlango ukafungwa, kamera zikarekodi. Kule hakuna chini wala juu, hivyo jani halidondoki, linafuata hewa. Majani yakasogea taratibu kuelekea mahali pamoja ukutani, na hapo ndipo palipokuwa na ufa. Wakapaziba.

Ujia ule haukupona kabisa. Nyufa nyingine zilionekana, na Aprili 2024 uvujaji ulifika karibu kilo 1.7 za hewa kwa siku kabla ya kupunguzwa tena. Mlango wa ujia ule hufungwa wakati hautumiki. Zvezda ilirushwa Julai 2000, na ilipangiwa miaka 15. Haiwezi kubadilishwa kama Pirs, kwa sababu ni kiungo ambacho upande wote wa Kirusi umekiegemea. Ndiyo maana nasema tofauti kubwa si kati ya kipya na kikuukuu. Ni kati ya kile kilichojengwa kikijua siku moja kitatoka, na kile ambacho hakuna aliyekiandalia njia ya kutokea.

Wachina je?

Kituo chao cha Tiangong kilianza Aprili 2021 kwa moduli ya Tianhe, na kilikamilishwa kwa moduli mbili za mwaka 2022. Kimepangiwa angalau miaka 10. Bado ni kichanga, tusubiri.

Vikiteremshwa, haviwezi kutuangukia sisi?

Wazazi ndio huuliza hili, na wana haki. Tarehe 30 Desemba 2024 duara la chuma lenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi liliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, kwa majirani zetu Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza awali kuwa ni sehemu ya roketi. Haikuwa gati ya kituo.

Pirs iliteremshwa kwa kuongozwa, kuelekea bahari isiyo na watu, na hiyo ndiyo njia ya haki. Kitu kikiachwa kishuke chenyewe, hakuna anayejua kitaangukia wapi. Mwaka 2021 Kituo kilitupa mzigo wa betri za zamani bila kuuongoza, na Machi 2024 kipande cha chuma cha gramu 700 hivi kilipenya paa la nyumba Florida. Hakikuua mtu. Hata hivyo mwenye paa hakuombwa ruhusa, na mimi sioni kwa nini mwenye paa wa Rombo au wa Florida abebe gharama ya mtu mwingine kuokoa mafuta.

Na Kituo chenyewe kitaisha lini?

Mpango wa Marekani ni kukitumia hadi 2030. Juni 2024 kampuni ya SpaceX ilipewa mkataba wa hadi dola milioni 843 wa kujenga chombo cha kukisukuma kishuke baharini. Chombo hicho kinapangwa kufunga kwenye gati ya mbele ya Harmony, yaani ile iliyovishwa adapta mwaka 2016. Gati iliyotengenezwa kupokea wageni ndiyo itakayobeba msukumo wa tani 400 za nyumba ikienda kuzimwa.

Nikitoka nje usiku naweza kuziona hizo gati?

Gati zenyewe hapana, hata kwa darubini yetu. Kituo chenyewe unakiona kwa macho, bila kifaa chochote, ikiwa kimepata jua huku sisi tukiwa gizani: takribani saa 1 hadi saa 2 usiku, au saa 11 alfajiri. Miezi ya masika mawingu hutunyima. Angalia ratiba ya mapito kwenye simu kabla hujatoka, kaa mahali ambapo taa za mji hazikupigi usoni, na utafute kitu kinachong'aa kisichopepesa. Wakati mwingine hutokea upande wa Meru, hupita juu, na kufifia kabla hakijafika juu ya Mawenzi.